Mwigo na Fumbo: Tashtiti ya Viongozi kutoka Baraza za Mvita hadi Televisheni

Utangulizi

Wanaoichunguza fasihi ya Kiswahili wamezoea kuzigawa kazi za tashtiti katika makundi mawili: zile za ushairi, ambazo hupewa heshima ya kuitwa fasihi, na zile za jukwaani na za televisheni, ambazo huitwa vichekesho na kuachwa zipite pamoja na kicheko chake. Mgawanyo huu una hasara. Humfanya msomaji aamini kwamba michezo mifupi ya kuwaiga viongozi, iliyoanza kuonekana katika televisheni za Kenya mwishoni mwa karne ya 20, ni kitu kilicholetwa kutoka ng'ambo pamoja na kamera zenyewe. Kwa hakika michezo hiyo ina jamaa zake wa kale, na baadhi ya jamaa hao waliishi katika Kisiwa cha Mombasa, katika mitaa ijulikanayo leo kwa jina la Mji wa Kale.

Makala haya yanaeleza njia mbili ambazo watu wa Mvita walizitumia kuwacheka wenye nguvu, yaani fumbo na mwigo, kisha yanaitazama televisheni kwa kipimo cha njia hizo. Hoja yake ni hii: mwigo ukiwa peke yake humcheka kiongozi kwa jinsi alivyo, yaani sauti yake, mwendo wake na makosa yake ya lugha; fumbo humcheka kwa alilolitenda. Televisheni imeurithi mwigo, na mara nyingi imeliacha fumbo. Tofauti hiyo si ya fani tu. Wakati wa janga, ambapo watu wanakufa au wanalala njaa, tofauti hiyo ndiyo huamua kama kicheko kitamwuliza kiongozi swali au kitamsaidia kulikwepa.

Fumbo katika Mvita

Fumbo ni kauli yenye sura mbili. Mfumbaji hutaja jambo la kawaida, kama vile chombo kilichopasuka, mnyama wa mtoni, mti uliokauka au ugomvi wa mke na mume, kisha humwachia msikilizaji kazi ya kumtafuta aliyekusudiwa. Halifanani na kitendawili, ambacho jibu lake huwa moja na hukubaliwa na wote. Fumbo lina majibu kadiri ya wasikilizaji, na kila msikilizaji hulijibu kwa dhamana yake mwenyewe. Ndiyo maana Waswahili husema: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua.

Fumbo lilistawi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hofu, nayo ni dhahiri: asiyetajwa kwa jina hana wa kumshtaki. Ya pili husahauliwa na wachunguzi wengi, nayo ni adabu. Katika mji wa Waislamu kama Mvita, kumsema mtu vibaya ilhali hayupo ni ghiba, na ghiba ni dhambi. Mshairi aliyetaka kumkanya mtawala bila ya kuivunja heshima yake mwenyewe alilazimika kuliacha jina. Sasa, jina linapokatazwa, kinachobaki cha kusemwa ni tendo. Katazo lililoonekana kuwa kizuizi likawa ni mwongozo wa fani: mtunzi hakuweza kuieleza pua ya mtawala wala kigugumizi chake, kwa kuwa hayo yangemtambulisha mara moja, alilazimika kueleza alilolifanya.

Mfano ulio maarufu zaidi ni wa Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi Mombasa kati ya 1776 na 1840. Zama zake zilikuwa za misukosuko. Yapata 1812 Mvita na washirika wake wa Pate walishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Baada ya hapo Mazrui, waliokuwa wakiitawala Mombasa, walikabiliwa na mashambulizi ya Sayyid Said bin Sultan wa Oman, mpaka mji ukamwangukia mwaka 1837. Muyaka aliwaunga mkono Mazrui, na tungo zake za siasa ziliwalenga mahasimu wa nje na pia wale wa ndani waliosita au kugeuka. Tungo hizo zimejaa vyombo, wanyama, silaha na mambo ya nyumbani. Mohamed H. Abdulaziz, katika uchunguzi wake uliochapishwa 1979, ameonyesha jinsi mashairi hayo yalivyofungamana na matukio ya siku hadi siku ya mji. Bila ya kuyajua matukio hayo msomaji huona maelezo ya chombo baharini na asione zaidi.

Mahali pa kulifumbua fumbo palikuwa baraza. Nyumba za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, zina viti vya mawe vilivyojengwa kando ya milango, na jioni wanaume hukaa hapo, muuza kahawa akapita na dele lake. Shairi lililosikiwa asubuhi lilikuwa na saa nzima ya kuchambuliwa jioni. Kwa wanawake kazi hiyo ilifanywa arusini, na baadaye katika taarabu, ambapo msikilizaji aliyeona kwamba maneno yanamfaa kumpiga hasimu wake aliinuka akamtunza mwimbaji. Kwa njia hii hadhira haikuwa mpokeaji tu. Ilikuwa mshiriki wa kutunga maana. Jambo hili litakuwa na uzito mkubwa tutakapofika kwenye televisheni, ambayo hadhira yake hukaa kimya mbele ya kioo.

Katika zama za uhuru, mtunzi wa Mombasa aliyeionja tofauti ya kauli wazi na fumbo ni Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa 1946. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi chenye jina la Kenya: Twendapi?, ambacho kiliihoji serikali waziwazi bila ya kufumba. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa uchochezi na akatumikia kifungo hicho kuanzia 1969 hadi 1972. Gerezani aliandika mashairi katika karatasi za chooni, na mengi ya mashairi hayo yanatumia fumbo. Katika shairi la Mamba, mathalani, mnyama ndiye anayetajwa na mtawala hatajwi. Mashairi hayo yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo iliyobeba jina la Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Hapana ushahidi bora zaidi wa nguvu ya fumbo: lilipita mlango uleule ambao kauli wazi ilinaswa.

Mwigo katika Mvita

Njia ya pili ni mwigo, yaani kuchukua umbo, mavazi, mwendo na sauti ya mwingine mbele ya watu. Nayo pia ina historia ndefu katika kisiwa. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 kulikuwa na ngoma ya beni, ambayo vyama vyake vilivaa sare za kijeshi, vilipiga tarumbeta na ngoma za kizungu, na viliwapa wanachama vyeo vya ufalme, ujemadari na ugavana. Mombasa vyama viwili vilivyoshindana vilijulikana kwa majina ya Kingi na Skochi. Maandamano yao yalipita katika mitaa ya kisiwa huku kila upande ukijitahidi kuwapita wenzake kwa ustadi na fahari. Wanawake nao walikuwa na vyama vya lelemama, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vyama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa nyimbo, mavazi na maandamano.

Wataalamu wamebishana sana juu ya maana ya beni. Je, aliyevaa sare ya ofisa wa Kiingereza na kutembea kama yeye alikuwa akimdhihaki au akimtamani? Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya ngoma hiyo, alikataa kuifanya beni kuwa uigaji wa kitumwa, lakini pia hakuifanya kuwa upinzani mtupu. Ubishi huo haukutokana na upungufu wa ushahidi. Ulitokana na tabia ya mwigo wenyewe. Mwigo una makali mawili. Ili mtu amwige gavana vizuri ni lazima amtazame gavana kwa makini, ajifunze mwendo wake, auvae mwili wake. Na mtu hawezi kuyafanya hayo kwa muda mrefu bila ya kuingiwa na namna fulani ya mapenzi kwa anayemwiga. Watazamaji nao hucheka, na katika kicheko hicho gavana hupungua kidogo na hukua kidogo kwa wakati mmoja: hupungua kwa kuwa ameshushwa barabarani, hukua kwa kuwa ndiye pekee anayestahili kuigwa.

Kwa muhtasari, fumbo huficha mtu na kufichua tendo. Mwigo hufichua mtu na aghalabu huficha tendo. Kipimo hiki ndicho kitakachotumiwa hapa chini.

Televisheni na mwelekeo wa kicheko

Televisheni ilianza Kenya 1962. Mwaka 1970 kituo cha televisheni kilifunguliwa Mombasa, na kwa miaka mingi watazamaji wa kisiwa waliitazama Sauti ya Kenya peke yake, ambayo mwaka 1989 ilirudia jina la Shirika la Utangazaji la Kenya. Chombo hicho kilikuwa cha serikali, na vichekesho vyake vya Kiswahili, ambavyo maarufu zaidi vilikuwa Vitimbi na Vioja Mahakamani, havikumgusa Rais. Marehemu Benson Wanjau, aliyejulikana kwa jina la Mzee Ojwang' na kufariki 2015, pamoja na Mary Khavere, yaani Mama Kayai, waliwachekesha Wakenya kwa mambo ya nyumba, jirani na mkahawa.

Ni muhimu kuchunguza kicheko cha michezo hiyo kilielekea wapi. Katika Vioja Mahakamani washtakiwa na mashahidi walizungumza Kiswahili kilichoathiriwa na lugha zao za mama, na hapo ndipo watu walipocheka. Hakimu alizungumza Kiswahili cha kiofisi na hakuchekwa. Lafudhi ya mnyonge ilikuwa kichekesho, na lugha ya mwenye hukumu ilikuwa kipimo. Mtazamaji wa Mji wa Kale, ambaye mara nyingi alijiona kuwa mwenye lugha, alifurahia kuwasikia wa bara wakiteleza. Lakini katika michezo mingine yeye mwenyewe aligeuzwa kuwa mtu wa pwani anayevuta maneno na kupenda usingizi. Kicheko kilikwenda kando, kutoka kwa mwananchi hadi kwa mwananchi. Hakikupanda juu.

Kilipanda juu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kituo cha kwanza cha televisheni cha binafsi, KTN, kilikuwa kimeanza 1990, na siasa ya vyama vingi ilirejea mwishoni mwa 1991. Ndipo walipotokea Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, vijana watatu waliounda kikundi cha Redykyulass. Mong'are alimwiga Rais Daniel arap Moi ilhali Moi bado yuko madarakani: sauti ile nzito yenye kukwaruza, rungu mkononi, sentensi zilizorudiwarudiwa. Kikundi hiki huhesabiwa kuwa cha kwanza kumwiga Rais wa Kenya hadharani namna hiyo. Hapana aliyefungwa kwa ajili hiyo. Kwa kizazi kilichokua kikiona picha ya Rais katika kila duka na kila ofisi, kule kuisikia tu sauti yake kutoka katika kinywa cha kijana asiyekuwa na cheo kulikuwa ni tukio kubwa. Mbinu ya lafudhi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imewashukia wanyonge, sasa iligeuzwa ikaelekezwa Ikulu.

Mwaka 2009 ulianza mchezo wa The XYZ Show, uliobuniwa na mchoraji vibonzo Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam. Huu haukutumia waigizaji waliovaa suti. Ulitumia vikaragosi vya mpira vyenye sura za viongozi zilizotiwa chumvi. Fani yake ina undugu na Spitting Image ya Uingereza, iliyoanza 1984, na Les Guignols de l'info ya Ufaransa, iliyoanza 1988. Kenya wakati huo ilikuwa chini ya serikali ya mseto ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, iliyoundwa baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 ambayo yaliwaua watu zaidi ya 1,100. Vikaragosi viliwaweka viongozi hao katika mazingira ya kubuni, na kwa kadiri mazingira hayo yalivyobeba maana, mchezo ulisogea karibu na fumbo.

Lugha ya kiongozi kama shabaha

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuvutia katika michezo hii ni kwamba silaha yake kuu ni sarufi. Rais Moi alijulikana kwa usemi wa siasa mbaya, maisha mbaya. Upatanisho wa ngeli ungedai maisha mabaya, lakini usemi ulienea kama ulivyo, na kila mwigaji aliushika. Rais Kibaki alijulikana kwa kuwakemea watu kuwa ni bure kabisa. Raila Odinga, aliyefariki 2025, alipenda kuwategea watu vitendawili katika mikutano, akingoja umati uitikie. Shariff Nassir, mwanasiasa wa miaka mingi wa Mombasa, aliacha nyuma yake neno la wapende wasipende. Kila mmoja wa hawa alimpa mwigaji kipande cha lugha kilichokuwa tayari kwa jukwaa.

Lakini hapa ndipo udhaifu wa mwigo unapojitokeza. Mtu anayecheka kwa sababu Rais amesema mbaya badala ya mabaya amecheka kosa la ngeli. Hajacheka siasa mbaya, wala hajauliza ni nani aliyeyafanya maisha kuwa mabaya. Kosa la sarufi limesimama mbele ya kosa la utawala na kulificha. Zaidi ya hayo, kosa hilo humfanya kiongozi afanane na mjomba wa kila mtu, mzee anayekosea ngeli na kupendwa hivyohivyo. Wapende wasipende ni mfano mzuri zaidi. Ukilitazama kwa makini ni neno la kutisha, kwa kuwa linasema kwamba ridhaa ya raia haihitajiki. Likaingia katika mazungumzo ya kila siku kama utani, na utisho wake ukayeyuka katika matumizi.

Historia ya waigaji wenyewe inathibitisha kwamba umbali kati ya mwigaji na mwigwa si mkubwa. John Kiarie alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017 na akachaguliwa tena 2022. Walter Mong'are alitaka kugombea urais mwaka huohuo wa 2022, ingawa jina lake halikufika katika karatasi ya kura. Hapana aibu katika mambo haya. Raia yeyote ana haki ya kutaka uongozi. Ila yanakumbusha ule ubishi wa beni: aliyejifunza mwendo wa gavana kwa makini huenda siku moja akaona kwamba mwendo huo unamfaa.

Janga na kicheko

Kipimo cha kweli cha tashtiti ni siku ya msiba. Mnamo tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, kati ya bara ya kusini na Kisiwa cha Mombasa, kilipinduka kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na watu 272 walikufa. Wakati huo haukuwapo mchezo wa televisheni uliothubutu kumwiga mtawala. Huenda ikasemwa kwamba msiba kama huo haufai kuchekwa kamwe, na kwa upande wa maiti ni kweli. Lakini tashtiti haiwacheki waliozama. Humcheka aliyeruhusu chombo kijazwe, kisha akaja na rambirambi. Kwa shabaha ya namna hiyo mwigo hauna msaada, kwa sababu mwenye kosa si sauti moja wala uso mmoja; ni mpango mzima wa uzembe. Fumbo ndilo lingeweza kuubeba: mathalani, mchezo wa nahodha anayewaomba abiria wasogee kidogo ili amwingize mmoja zaidi, akawa anaendelea kuomba hivyo mpaka maji yamfikie kifuani, na akawashukuru kwa uvumilivu wao.

Mfano wa pili ni wa Mji wa Kale wenyewe. Tarehe 6 Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali ilitangaza kwamba hapana mtu atakayeingia wala kutoka katika Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na mtaa wa Eastleigh wa Nairobi. Amri hiyo ilikuwa ya siku 15, kisha ikaongezwa na kuondolewa mwanzoni mwa Juni. Ilikuwa ni Ramadhani, na Idi ya mwaka huo iliwakuta watu wa mitaa hiyo ndani ya mipaka ya amri. Katika siku hizohizo Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alikuwa akionekana katika televisheni mara kwa mara kutoa hesabu za wagonjwa. Onyo lake kwa Kiingereza, kwamba wanaoendelea kuishi kikawaida watatendwa na ugonjwa huo isivyo kawaida, liligeuka kuwa msemo wa nchi nzima; liliigwa katika simu, katika nyimbo na katika mazungumzo.

Kicheko hicho hakikuwa na ubaya. Watu waliofungiwa nyumbani wanahitaji kucheka, na huenda msemo ulioigwa ulisaidia onyo lenyewe kuenea. Lakini kilichokuwa kikirudiwa ni sauti ya Waziri. Maswali ya mtu wa Kibokoni yalikuwa mengine: kibarua wa bandarini aliyefungiwa ndani atalipwa na nani, futari itatoka wapi, na kwa nini baadhi ya mitaa inafungwa na mingine haifungwi. Maswali haya hayana lafudhi ya kuigwa. Tashtiti ingeweza kuyabeba kwa mchezo mdogo tu: bawabu anafunga kwa kufuli mlango wa nyumba yenye njaa, kisha anasimama nje na kuwatakia waliomo futari njema. Mchezo huo hauhitaji sauti ya waziri yeyote, na hapana mtazamaji wa Mombasa ambaye asingemjua bawabu. Hata mtazamaji wa miaka ijayo, asiyewahi kuisikia sauti ya Waziri huyo, angeelewa.

Fumbo lililorudi

Isidhaniwe kwamba fumbo limekufa na kwamba ni urithi wa wazee wa Mvita tu. Baada ya kodi kuongezwa mwaka 2023, Wakenya walimpa Rais William Ruto jina la Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko katika Injili ya Luka, aliyepanda mkuyu na kuambiwa ashuke. Mwaka 2024, vijana walipoandamana kuupinga Muswada wa Fedha, katika mitaa ya Mombasa kama katika miji mingine, mwito wa kumtaka Zakayo ashuke ulisikika kote. Kifani jina hili ni fumbo kamili. Halisemi neno juu ya sauti ya Rais wala mwendo wake. Linasema juu ya tendo moja, yaani kutoza, na linamwachia msikilizaji kulitafuta swali la pili: kuna mti gani, na nani amempandisha? Msikilizaji aliyezisoma habari hizo anakumbuka pia kwamba Zakayo wa Injili aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Rais mwenyewe baadaye aliyataja majina aliyopewa, Zakayo likiwamo, kwa mzaha hadharani. Hii nayo ni mbinu ya kale ya watawala: kuingia ndani ya kicheko ili kukizima. Hata hivyo inafaa kutazama ni kitu gani alichoweza kukiingia. Mtawala anaweza kulichukua jina. Hawezi kulichukua tendo bila ya kulijibu. Tena kicheko cha wakati huo hakikuwa bila gharama. Muswada uliondolewa tarehe 26 Juni 2024, lakini makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya miezi hiyo, na mwezi Desemba vijana kadhaa waliomkosoa Rais, akiwamo mchoraji aliyejulikana kwa vibonzo vya vivuli, walitekwa na kuachiliwa Januari 2025. Katiba ya 2010, katika kifungu chake cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza pamoja na ubunifu wa sanaa. Ile sababu ya kwanza ya fumbo, yaani hofu, ilitazamiwa kuondoka kwa katiba hiyo. Matukio haya yanaonyesha kwamba haijaondoka.

Hitimisho

Si haki kumalizia kwa kuusifu ufumbaji na kuutupa mwigo. Fumbo lina kasoro zake. Lile la Muyaka lilihitaji msikilizaji aijuaye Kimvita na habari za mji. Mgeni aliachwa mlangoni. Mwigo umevuka mipaka ambayo fumbo halikuivuka: mtu wa Kuze na mtu wa Kisumu walicheka pamoja siku Rais alipoigwa, na kule kucheka pamoja kuliwafundisha kwamba mtawala ni binadamu. Fumbo pia laweza kuwa maficho ya mwoga, ambaye husema asieleweke, kisha hujisifu kwamba amesema.

Linalodaiwa ni muungano wa njia mbili. Mchezo wa televisheni unapomwiga kiongozi, mtungaji ajiulize: nikiiondoa sauti hii ya kuigwa, je, hapa pamebaki kitu? Kama kimebaki kisa ambacho kwacho mtazamaji analiona tendo, basi mwigo umekuwa mlango wa fumbo, na kicheko kina kazi. Kama hakikubaki kitu, kiongozi ametumbuizwa, na mwenye msiba amesahauliwa.

Kipimo hiki kina upande wake wa kiutafiti. Mashairi ya Muyaka yangalipotea kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa hangaliyakusanya na kuyaeleza, pamoja na W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. Diwani iliyotokana na kazi yao ilichapishwa 1940, miaka mia moja baada ya kufa mtunzi. Walichokihifadhi si maneno tu. Walihifadhi pia matukio ambayo maneno hayo yaliyafumba. Michezo ya televisheni inahitaji mwalimu wa namna hiyo. Idara za lugha zinapaswa kuikusanya kama zinavyokusanya tenzi, zikaandika kando ya kila mchezo tarehe yake, tukio lililousababisha na namna ulivyopokewa barazani. Wasomaji watakaokuja hawataijua sauti ya Moi wala ya Kibaki. Watakachoweza kukisoma ni kile ambacho michezo hiyo ilisema juu ya njaa, kodi na vyombo vilivyozama, na kazi ya kukieleza ni bora ianze wakati waliokitazama wangali hai.